Mwaka Uliofutwa: Shule za Sekondari za Kenya Katika Zama za Korona

Mwanafunzi wa sekondari hupima umri wake kwa vidato kuliko kwa miaka. Akiulizwa amefika wapi maishani, hujibu kwamba yuko Kidato cha Pili au Kidato cha Tatu, na jibu hilo humtosha aulizaye. Kwalo hujua vitabu anavyosoma, mtihani unaomngoja, na muda uliomsalia kabla hajatoka chini ya ulinzi wa walimu na kuingia ulimwenguni. Kipimo hicho kimeaminiwa kwa sababu ni nadra kusimama. Nchini Kenya ukame ulikuja ukapita, migomo ya walimu ilitokea ikaisha, na fujo za uchaguzi zilivuruga mihula; hata hivyo mwaka ulipokwisha wanafunzi walipanda daraja moja. Mwaka wa 2020 kipimo kilisimama. Zaidi ya kusimama, Serikali ilitangaza kwamba mwaka wenyewe usihesabiwe.

Historia ya ugonjwa wa korona imeandikwa mara nyingi kwa hesabu ya wagonjwa na ya marehemu, na ni haki iandikwe hivyo. Lakini vijana wa sekondari, ambao ugonjwa wenyewe uliwadhuru kwa uchache kuliko wazee wao, waliguswa kwa njia nyingine: walitwaliwa muda. Namna muda huo ulivyotwaliwa, na namna ulivyorudishwa baadaye, ni kisa kinachofaa kusimuliwa kwa utaratibu, maana jambo lililofutwa katika daftari hufutika upesi katika kumbukumbu.

Ijumaa ya tarehe 13 Machi, 2020, ilianza kama siku yoyote ya shule. Majina yaliitwa, rejesta zikajazwa, kengele ya jioni ikalia. Siku hiyo hiyo Wizara ya Afya ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana. Jumapili, tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa akaamuru masomo yasimame: shule za kutwa zisifunguliwe Jumatatu, na shule za bweni ziwe zimekwisha kuwarudisha wanafunzi makwao kufikia Jumatano. Wakuu wa shule wakawa na siku tatu za kuyahamisha mabweni mazima. Masanduku ya bati yalishushwa, magodoro yakakunjwa, na vituo vya mabasi vikajaa vijana wenye sare. Wengi waliacha vitabu madawatini, kwa kuwa likizo iliyotarajiwa ilikuwa ya wiki chache. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walikuwa wameingia sekondari katikati ya Januari. Walikuwa wamekaa humo miezi miwili tu, muda wa kujifunza majina ya walimu na njia ya kwenda bwaloni.

Ili kuufahamu uzito wa amri hiyo yafaa kukumbuka jinsi shule ya sekondari ya Kenya ilivyozaliwa. Maseno ilianzishwa na wamisionari mwaka wa 1906, na Alliance, huko Kikuyu, mwaka wa 1926. Shule hizo na nyingi zilizozifuata zilijengwa juu ya fikira moja, kwamba kijana atengwe na kwao ili afunzike. Bweni, bwalo, gwaride la asubuhi, viranja, na masomo ya usiku chini ya taa, vyote vilikuwa sehemu ya mafunzo sawa na hesabu na sarufi. Baada ya uhuru wenyeji waliirithi fikira hiyo, wakaipenda hata kuizidisha. Mzazi maskini aliuza ng'ombe ili mwanawe alale shuleni, akiamini kwamba nyumbani hapana nafasi ya kusomea wala mwanga wa kutosha. Katika wiki moja ya Machi desturi ya karne nzima ilipinduliwa. Nyumbani, mahali palipodhaniwa hapafai kwa elimu, pakawa ndipo mahali pekee elimu ilipoweza kupatikana.

Serikali haikukaa kimya. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, ambayo tangu zamani ilikuwa na vipindi vya masomo vya redio na televisheni, iliviongeza na kuvipanga kwa madarasa, navyo vikarushwa hewani na Shirika la Utangazaji la Kenya na kuwekwa katika mtandao. Mwezi wa Julai kampuni ya Loon, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kupeleka intaneti kwa maputo makubwa yaliyoelea kilomita 20 hivi juu ya ardhi, yakihudumia sehemu za kati na za magharibi ya nchi. Hiyo ilikuwa moja ya ajabu za zama hizo. Lakini puto halimpi kijana simu asiyokuwa nayo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilikuwa imekwisha kuonyesha hali ilivyo: katika kila kaya 100, kaya 57 hivi zilikuwa na redio, 41 zilikuwa na televisheni, na 18 tu zilikuwa na intaneti. Mwanzoni mwa mwaka wa 2021 kampuni hiyo ya maputo ilitangaza kufunga kazi zake, kwa kuwa gharama zilishinda.

Hata penye redio mambo hayakuwa mepesi. Redio ilikuwa moja na watoto walikuwa wengi, kila mmoja na kidato chake na saa yake. Simu ilikuwa ya baba, na baba alipotoka kwenda kutafuta riziki alitoka nayo. Mwanafunzi asiyeelewa hawezi kuinyoshea redio mkono, wala mtangazaji hawezi kuona uso uliokunjamana nyuma ya darasa na kulirudia fungu lile kwa maneno mengine. Kazi hiyo ndogo, ya kutazama nyuso na kurudia, ndiyo sehemu kubwa ya ualimu, nayo haikuweza kurushwa hewani.

Somo la Kiswahili laonyesha hasara hiyo vizuri. Vitabu vya fasihi vilivyotahiniwa miaka hiyo vilikuwa riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, na mkusanyiko wa hadithi fupi uitwao Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Riwaya yaweza kusomwa na mtu mmoja kivulini, na hadithi fupi vivyo hivyo. Lakini tamthilia ni kazi ya watu wengi. Darasani mmoja hutwaa nafasi ya mtawala, mwingine ya mpinzani wake, na wa tatu asiyependa kusoma kwa sauti hulazimishwa kuwa mlinzi mlangoni. Darasa hucheka, na kwa kicheko hicho mwalimu hujua kwamba kejeli imefahamika. Tena kulikuwa na vikundi vya waigizaji vilivyozoea kuzunguka shuleni vikiigiza vitabu vya mtihani mbele ya wanafunzi kwa kiingilio kidogo. Vikundi hivyo vilipoteza majukwaa yao siku ile ile wanafunzi walipopoteza madarasa.

Tarehe 7 Julai, 2020, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza uamuzi usiokuwa na mfano nchini. Mwaka wa masomo wa 2020 uhesabiwe kuwa umepotea. Mitihani ya taifa ya mwisho wa msingi na wa sekondari isifanywe. Shule zifunguliwe Januari 2021, na kila mwanafunzi arudi katika darasa alilokuwamo. Uamuzi huo ulikuwa na hoja ya haki ndani yake. Haingekuwa haki kumtahini mwana wa mchungaji wa Turkana pamoja na mwana wa Nairobi aliyeendelea kusoma kwa kompyuta sebuleni kwao. Kama wote hawawezi kwenda, basi wote na wasimame. Walakini usawa huo ulikuwa wa karatasi. Shule ghali zilizofuata mitaala ya kigeni ziliendelea na masomo kwa njia ya mtandao kana kwamba hapakutangazwa kitu, na mwenye uwezo aliendelea kumlipa mwalimu wa faragha. Waliosimama kweli ni wale ambao hata siku za kawaida walikuwa nyuma.

Tena kalenda iliyosimama haikusimamisha mahitaji ya nyumbani. Mapato ya wazazi yalipungua, na vijana wakaingia kazini. Wavulana walibeba mchanga, walipasua kokoto, walichunga mifugo, walivua samaki, waliendesha bodaboda. Kazi si aibu, na wapo walioisaidia jamaa yao kupita mwaka mgumu. Lakini kijana aliyezoea kushika shilingi zake mwenyewe kwa miezi tisa huona vigumu kurudi mahali ambapo huomba ruhusa hata ya kwenda msalani. Wasichana walipewa ulezi wa wadogo zao na kazi za jikoni, na baadhi yao walikutana na hatari ambazo ua wa shule ulikuwa ukizizuia. Walimu wa shule za binafsi nao walikatiwa mishahara, kwa kuwa pasipo karo hapana ujira. Huko Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, shule moja ya binafsi iliwatia kuku madarasani na kupanda mboga uwanjani ili mwenyewe apate chakula. Picha ya kuku mbele ya ubao wenye hesabu zisizofutwa ilienea duniani, ikachekesha wengi; kwa waliokuwa wakifundisha katika vyumba kama hivyo haikuwa ya kuchekesha.

Maambukizi yalipopungua Serikali ilibadili shauri. Tarehe 12 Oktoba, 2020, wanafunzi wa Kidato cha Nne waliitwa warudi, pamoja na wa Darasa la Nane na wa Gredi ya Nne. Shule ya bweni yenye kidato kimoja ni mahali pa ajabu. Vitanda vilitenganishwa, bwalo lililozoea kelele likawa na nafasi tele, na viranja hawakuwa na wadogo wa kuwaongoza. Langoni palikuwa na kipimajoto na ndoo ya maji ya kunawia. Barakoa zilificha midomo, hata mwalimu wa lugha asione jinsi sauti inavyotamkwa, wala asijue kwa hakika ni nani aliyejibu. Serikali ilitenga shilingi bilioni 1.9 kwa madawati mapya, yatengenezwe na mafundi wa jua kali wa kila eneo, na kwa njia hiyo fundi na mwanafunzi wakasaidiwa pamoja. Lakini vidato vingine viliporudi tarehe 4 Januari, 2021, nafasi haikutosha. Tangu mwaka wa 2018 siasa ya nchi ilikuwa kwamba kila amalizaye shule ya msingi aingie sekondari, na madarasa yalikuwa yamekwisha kujaa kabla ya korona. Palizungumzwa hata kufundishia chini ya miti.

Mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2020 ulifanywa mwaka wa 2021, kuanzia mwishoni mwa Machi. Tarehe 26 ya mwezi huo, wimbi la tatu la ugonjwa lilipokuwa kali, Rais aliizuia Nairobi na kaunti nne jirani zisiingiwe wala zisitokwe, na masomo yakasimamishwa tena kwa wote isipokuwa watahiniwa. Kwa mara ya pili Kidato cha Nne kikabaki peke yake. Matokeo yalitangazwa tarehe 10 Mei, 2021. Watahiniwa walikuwa 747,161, na mwaka wa 2019 walikuwa 697,222. Waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ni mlango wa chuo kikuu, walikuwa 143,140, na mwaka uliotangulia walikuwa 125,746. Watu walistaajabu kwamba mwaka wa mashaka umezaa matunda mengi kuliko mwaka wa raha. Waliofaulu wastahili sifa, na walimu wao pia. Hata hivyo mtihani una tabia moja ambayo msomaji wa historia hana budi kuikumbuka: huwahesabu waliofika chumbani. Asiyefika hana alama, hata ile ya kushindwa.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Wizara ya Elimu ilitenda kwa imani hiyo. Ilitunga kalenda ya kuulipa mwaka uliopotea: badala ya wiki 39 za masomo, kila mwaka ukapewa wiki 30 hivi, na likizo nyingine zikawa za wiki moja tu. Mtihani wa KCSE ulifanywa mara tatu katika muda wa miezi 21: Machi na Aprili 2021, Machi 2022, na mwishoni mwa 2022. Januari 2023 kalenda ilirudi mahali pake. Kwa hesabu, mwaka ulikuwa umepatikana.

Yafaa kuuliza wiki hizo zilikatwa wapi. Hazikukatwa katika mtihani, kwa kuwa mtihani ndio uliokuwa ukikimbiliwa. Zilikatwa katika mambo yasiyotahiniwa: michezo ya jioni, vyama vya mijadala, kwaya, maigizo, na Jumamosi ya kufua nguo na kuzungumza. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927, na lile la maigizo ya shule mwaka wa 1959. Humo vizazi vya vijana vilijifunza kughani, kucheza ngoma za makabila yasiyo yao, na kusimama mbele ya umati bila kutetemeka. Ukimya uliingia katika majukwaa hayo. Mashindano ya michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki yalifanyika Arusha mwaka wa 2019. Hayakuonekana tena hadi yaliporudi Arusha hiyo hiyo mwaka wa 2022. Mkenya aliyekuwa Kidato cha Pili katika mashindano yale ya kwanza alikuwa amekwisha kumaliza shule kabla ya hayo ya pili. Kama kipaji chake kilikuwa miguuni, mlango ulifungwa na kufunguliwa naye hayupo.

Vijana walichoka. Mwezi wa Oktoba na Novemba 2021 mabweni mengi yalichomwa moto katika sehemu mbalimbali za nchi. Sababu zilibishaniwa, wala hapana udhuru wa kutia moto nyumba wanamolala wenzako. Lakini wazazi na walimu waliutaja muhula mrefu usiokuwa na mapumziko, na Wizara ikatoa likizo fupi ya katikati ya muhula mwezi huo wa Novemba. Kwa kufanya hivyo ilikiri, bila ya kusema, kwamba mwanafunzi hawezi kusukumwa kama gari lililochelewa.

Jirani za Kenya zilipita njia nyingine. Tanzania ilifunga shule tarehe 17 Machi, 2020. Ikawarudisha wanafunzi wa Kidato cha Sita tarehe 1 Juni na wengine wote tarehe 29 Juni, na mwaka wake wa masomo haukufutwa. Uganda ilifunga mwezi huo huo wa Machi, ikafungua kwa mafungu, ikafunga tena Juni 2021, na haikufungua kwa wote hadi tarehe 10 Januari, 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Kipo bado kizazi cha mabishano juu ya nchi ipi ilipima vyema hatari ya ugonjwa. Juu ya jambo moja hapana ubishi: kila muda ulipozidi kurefuka, idadi ya wasiorudi ilizidi kutisha. Uganda, Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikadiria kabla ya kufunguliwa kwamba wanafunzi 30 katika kila 100 huenda wasirudi.

Wasiorudi ndio kiini cha kisa hiki. Uchunguzi uliofanywa katika shule za sekondari za kutwa za Siaya, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka wa 2022, ulilinganisha wasichana waliomaliza kabla ya korona na waliokatizwa nayo. Hao wa pili walikuwa katika hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na hatari mara tatu ya kuacha masomo. Sheria haikuwafungia mlango. Tangu mwaka wa 1994 Kenya ilikuwa na mwongozo wa kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua. Tanzania nayo, tarehe 24 Novemba, 2021, iliondoa katazo lililokuwapo na kuwaruhusu wasichana hao warudi. Januari 2021 machifu wa Kenya na manaibu wao waliagizwa kuwatafuta watoto nyumba kwa nyumba. Wengine walipatikana, wakarudi wakiwa na haya, wakakaa dawati moja na wenzao wasiojua waseme nini. Wengine hawakupatikana, au walipatikana wakiwa na mtoto mgongoni asiye na wa kumlea, na chifu akaandika jina akaenda zake.

Yaweza kusemwa basi kwamba mwaka wa 2020 ulifutwa katika kalenda na ukarudishwa katika kalenda. Katika umri wa vijana haukufutwa wala haukurudishwa. Aliyekuwa na miaka 16 alitimiza 17 kama kawaida ya Mungu, na aliyoyafanya katika mwaka huo yakawa sehemu ya maisha yake, yawe ya kuchunga mbuzi, ya kulea, ya kuomboleza, au ya kusoma riwaya moja mara sita kwa kukosa nyingine. Taifa likisema kwamba muda huo umelipwa, lasema kweli juu ya mitaala. Juu ya watu, lasema kweli kwa waliorudi tu.

Ushahidi wa jambo hili haumo katika matangazo ya mawaziri peke yake. Umo katika rejesta za madarasa, zile zenye jalada gumu na safu za alama za penseli, ambazo shule nyingi huzitupa stoo baada ya miaka michache, zikaliwa na mchwa. Mwanahistoria atakayetaka kuujua mwaka huo aitafute rejesta ya Ijumaa tarehe 13 Machi, 2020, na ile ya wiki ya kwanza ya Januari 2021, aziweke pamoja juu ya meza moja, asome majina polepole kutoka juu hadi chini. Majina yaliyomo katika ile ya kwanza na yasiyomo katika ile ya pili yana wenyewe, na wengi wao wangali hai, wenye umri wa miaka ishirini na kitu, katika vijiji na miji ya nchi hiyo. Wao wanaweza kuulizwa. Na wanafaa kuulizwa mapema, kabla ya mchwa.